Mgeni Aliyetajwa Wimboni

Mbinga, 6 Machi 2022

Mdogo wangu Emerensiana,

Pokea salamu za dada yako kutoka kwenye baridi. Mimi nipo. Miguu imejaa maji tena, na daktari amebadilisha vidonge kwa mara nyingine. Kasema moyo umechoka. Nikamwambia moyo uliofundisha watoto wa watu maisha yake yote una haki ya kuchoka, akacheka, lakini hakubisha. Masikio nayo yamezidi kuziba. Mtu akikaa mbele yangu nikamtazama usoni namwelewa, ila simu kwangu sasa ni jiwe tu. Basi tuendelee na karatasi. Mimi sina masikio, wewe huna macho. Tumshukuru Katekista Wilfred anayekusomea na kukuandikia, na Wendelin kondakta wa basi anayebeba barua zetu bila kudai kitu.

Mvua imetutendea wema, mibuni imebeba. Waliokuja kwenye misa ya kumwombea kaka yetu Bernadi wanakusalimu. Nilikaa kwenye kiti muda wote, hata kwenye kupiga magoti.

Sasa nikueleze habari iliyonifanya nishike kalamu. Mji wetu umepata wageni. Wametoka ng'ambo, Msumbiji, ambako vijiji vyao vilichomwa usiku. Wakati wanasubiri kupelekwa kambini wamepewa ghala la zamani la kahawa, na watu wa hapa wamewabebea mablanketi, maharage, hata magodoro. Ofisa ustawi wa jamii, binti mmoja wa Kipare aitwaye Asnath, ameanzisha Jumamosi za Faraja. Wageni na wenyeji wanakaa pamoja ukumbini, wengine wanachora, wengine wanafuma vitambaa, kisha wote wanafundishwa kuvuta pumzi na kuishusha polepole. Wazee wa Kimatengo walikuja kuchungulia siku ya kwanza. Mmoja akauliza, "Tangu lini kupumua kukawa na mwalimu?" Lakini alirudi wiki iliyofuata, na mkewe.

Mimi nimekuwa mkalimani kwa sababu ya Kinyasa changu, na nimewaingiza wanawake kwenye kioda, ngoma yetu ya akina mama wa ziwani. Emerensiana, ungeona! Ngoma ikilia naisikia kifuani hata kama sauti siipati. Nikawaambia kwetu ziwani mgeni hawi mgeni mpaka aimbiwe wimbo wa kutajwa: jina lake, jina la mama yake, na mahali kitovu chake kilipozikwa. Asnath hakupenda. Akasema, "Bibi Mwalimu, hapa hatuhitaji majina. Tunahitaji watu wapumue." Nikamjibu, "Kwetu mtu hapumui vizuri kama hajatajwa." Wanawake wakapiga vigelegele, yakaisha.

Wa kwanza kutajwa alikuwa Aurelia, mama kijana mwenye binti mdogo, mkimya sana, mwenye mikono ya kazi. Wimbo wake nimeutunga mwenyewe. Nadhani ni mzuri kuliko zote nilizowahi kutunga.

Dada yako,
Gertruda

&nbsp;

Kihagara, 2 Aprili 2022

Dada Gertruda, shikamoo.

Sisi huku tunaendelea. Macho yangu sasa yananionyesha mwanga na kivuli, basi. Katekista Wilfred nikimjua ni kwa kikohozi chake. (Anasema hataandika hilo. Andika, Katekista.) Mbuzi mweupe amezaa pacha. Muhogo umeshambuliwa na nguruwe pori, dagaa wapo wa kutosha. Kaburi la kaka Bernadi nililifyeka mwenyewe kwa kupapasa, kule nyuma ya kanisa, na sikukata ua hata moja. Hizo dawa unazimeza kweli, au unamdanganya daktari kama ulivyokuwa ukimdanganya mama na kwinini?

Dada, wimbo wako umefika. Wanawake wa kioda wa huko Mbinga walikuja kwetu kwa sherehe, wakauimba, na vijana wakauchukua kwenye simu zao. Sasa unaimbwa kisimani, unaimbwa ufukweni, na wenye mitumbwi wamevuka nao. Nikikaa barazani nausikia ukitoka majini: Aurelia, binti wa Filomena, wa kule kwenye mwembamba wa mto. Nimejivuna kwamba ni wa dada yangu.

Ila nikuulize jambo. Mama mmoja wa ng'ambo alikuja kuuza vyungu. Wimbo ulipoanza aliuliza, "Kumbe yupo hai?" Nikamwambia yupo, yuko Mbinga, ni mzima. Aliondoka na vyungu vyake bila kuuza hata kimoja. Dada, huyo binti mwenyewe aliridhia kutajwa?

Mdogo wako,
Emerensiana

&nbsp;

Mbinga, 24 Aprili 2022

Mdogo wangu,

Marahaba. Hongera ya pacha. Mmoja mpe jina langu, yule mkaidi. Dawa nameza. Pasaka ilikuwa njema ingawa sikuweza kwenda kanisani, Padre alinijia na komunyo nyumbani. Bei ya mbolea inawafanya wakulima waongee peke yao njiani.

Jumamosi za Faraja zinaendelea. Wenyeji sasa ni wengi kuliko wageni, mpaka Asnath analalamika kwamba anawapumulisha watu ambao hawakukimbia chochote. Watoto wamechora kwenye kitambaa kirefu kilichotundikwa ukutani: nyumba, kuku, mitumbwi. Binti wa Aurelia alichora mtu mmoja tu, mkubwa, akakipaka kichwa chake rangi nyeusi mpaka chaki ikavunjika. Tulipomuuliza ni nani, mama yake akamnyanyua akaondoka naye.

Aurelia haji tena ukumbini. Nilimfuata ghalani nikakaa mbele yake ili nimwone midomo. Nikasema, "Mwanangu, wenzako wanakuulizia." Akasema, "Mama, umenitoa nje." Nikamwambia yuko ndani, yuko salama, mji mzima unampenda. Akarudia maneno yaleyale.

Sasa anakuja kwangu mchana kunisaidia kuchambua maharage. Akisikia pikipiki inasimama barabarani, mikono yake nayo husimama.

Huyo mama wa vyungu akirudi, muulize anatoka kijiji gani. Niandikie upesi.

Gertruda

&nbsp;

Kihagara, 15 Mei 2022

Dada, shikamoo tena na tena.

Barua yako ilichelewa, mvua za mwisho zilikata barabara na basi lilikaa Mbamba Bay likisubiri. Mbuzi mkaidi ameshapewa jina, na tayari amekula pazia. Mama wa vyungu hajarudi.

Lakini Mungu ameleta furaha. Amevuka mtu wa heshima sana, jina lake Hilari, kaka yake Aurelia. Alikuja akiuimba wimbo wako polepole, nikamwita mwenyewe toka barazani. Kiswahili chake ni safi, anasema alisoma huku kwetu alipokuwa mtoto mkimbizi. Amenitengenezea mlango uliokuwa unaburuza, amenichotea maji. Katekista Wilfred anasema hakupenda anavyotazama watu, lakini Katekista hajawahi kumpenda mtu anayejua kusoma kuliko yeye. (Ameandika, ila amenuna.)

Hilari anamtafuta dada yake na binti yule mdogo. Nimemweleza nyumba yako ilipo, jirani na mashine ya kukoboa kahawa. Kwa kuwa anakuja huko huko, nimempa barua hii akuletee mwenyewe, na dagaa kidogo. Mpokee kama mtoto wetu.

Emerensiana

&nbsp;

Mbinga, 22 Mei 2022

Emerensiana,

Leo salamu ni fupi. Mimi mzima kiasi. Barua hii naipeleka kwa Wendelin, na nyingine zote zije kwa Wendelin. Usimpe tena mtu mwingine.

Mgeni wako alifika Jumatano mchana. Sikumsikia akibisha hodi. Nilipoinua uso alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha marehemu mume wangu, barua yako gotini, mfuko wa dagaa miguuni. Akasimama, akaniamkia vizuri sana.

"Shikamoo, Mama Mwalimu."

"Marahaba. Karibu, ingawa naona umeshakaribia."

Akacheka. "Nimemfuata dada yangu."

"Dada yako yupi?"

"Yule uliyemwimba."

Nikamuuliza, "Mama yenu anaitwa nani?"

"Mama, si umemtaja mwenyewe? Filomena. Na mto umeutaja. Sisi wengine tungemtafuta mpaka tuzeeke."

Nikaona kwamba anajua yale yale yaliyomo wimboni. Nikamuuliza lisilomo: mama yao hajambo? Akasema hajambo, analia kila siku kwa ajili ya binti yake. Emerensiana, Aurelia alinieleza kwamba Filomena alikufa, na yeye ndiye aliyemzika kwa mikono yake mwenyewe.

Nikamwambia Aurelia alishapelekwa kambini na wenzake. Akasema, "Basi nitauliza." Akaaga kwa adabu. Akasema wewe, Emerensiana, una nyumba nzuri, na kwamba unaishi peke yako.

Nilipokwenda jikoni nilikuta maharage yamemwagika sakafuni na mlango wa nyuma wazi. Nilimkuta Aurelia kwenye mibuni, amemziba binti yake mdomo. Yule mtu si kaka. Ndiye aliyeongoza waliochoma kijiji chao, ndiye aliyemfungia porini miaka miwili, na binti yule ni damu yake. Amevuka ziwa kumchukua mtoto. Aurelia hakuniambia mtu huyo anakusudia kumfanyia nini yeye mama mtu. Alipitisha tu kiganja shingoni mwake, akamfunika binti kanga.

Asnath alikuja na gari jioni ile ile, akawaondoa. Walipo sitakuandikia hata wewe, na mtu yeyote akikuuliza, mwambie Gertruda peke yake ndiye anayejua.

Asnath amepeleka habari polisi. Wanasema mtu huyo ameshaondoka mjini. Akitokea kwako usimfungulie. Mwite Katekista, mwite mwenyekiti wa kijiji, piga kelele. Nijibu mara moja.

Dada yako

&nbsp;

Kihagara, 19 Juni 2022

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima wa afya. Mimi ni mzima. Hali ya hewa ni nzuri na ziwa limetulia.

Katekista Wilfred amekwenda Kigonsera kwenye semina na atakaa huko. Kwa sababu hiyo barua hii naandikiwa na Hilari, ambaye amerudi na anakaa hapa kwangu. Ananitunza vizuri. Ananipikia. Hatoki nyumbani, hivyo siko peke yangu.

Kaka Bernadi anakusalimu sana. Hajambo, kikohozi kimepona.

Dada, nimechoka kukaa bila kujua. Naomba uniandikie mahali alipo Aurelia na mtoto. Ukitaja jina la mahali, Hilari ataondoka siku hiyo hiyo kwenda kuwachukua ndugu zake, nami nitapumzika. Usipotaja, ataendelea kukaa nami. Anasema hana haraka.

Tafadhali jibu kwa basi.

Mdogo wako

&nbsp;

Mbinga, 3 Julai 2022

Mdogo wangu mpendwa Emerensiana,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa wote wa hapa. Nimepokea barua yako, na nakushukuru kwa kunitoa wasiwasi. Mshukuru pia mgeni wako kwa mwandiko wake. Ni wa mtu aliyefundishwa na mwalimu mkali. Wendelin aliniambia kwamba barua yangu ya Mei aliipokea mwanamume barazani kwako, basi nikajua kwamba unasomewa vizuri.

Nimefurahi kusikia kaka Bernadi hajambo. Salamu zake nimezipokea kama ulivyozituma. Naye anapenda uji wa moto, unamjua. Kwa hiyo usikae kusikiliza barua yote. Mpelekee uji wake sasa hivi, kabla haujapoa, ukae naye mpaka mtu atakapokuja kukuita. Mgeni atakusomea yaliyobaki ukirudi. Nenda, mdogo wangu. Usimfanye kaka angoje.

Habari za huku ni nyingi. Uchumaji wa kahawa umeanza, na mashine ya jirani inatikisa nyumba toka asubuhi, mimi naisikia kwa miguu. Asnath amepata uhamisho akaukataa. Jumamosi za Faraja hazijafungwa. Wazee walitaka zifungwe, wakisema tumeufungulia ubaya mlango kwa ngoma. Wageni wenyewe ndio waliokataa. Sasa wanaimba nyimbo zisizo na jina la mtu.

Mimi nakaribia mwisho. Daktari hatanii tena, na nikilala maji yananipanda kifuani, kwa hiyo nalala nimekaa. Ndiyo maana nataka kukiri kabla sijataja mahali ulipouliza. Jina la mahali litatokea humu humu kati ya mistari. Nivumilie.

Uliniuliza mwezi wa nne kama Aurelia aliridhia kutajwa, nami nikakujibu habari za mbuzi. Hakuridhia. Alikataa mbele ya wenzake, akakataa tena ghalani. Mara ya tatu alinijia peke yake, akanishika miguu hii iliyovimba, akanieleza jina la mama yake na mahali alipozaliwa ili nielewe kwa nini hayafai kusikika. Alinipa kama mtu anavyompa padre. Nami nilipoyasikia, Emerensiana, niliona jinsi yanavyokaa vizuri kwenye wimbo. Filomena, na mwembamba wa mto. Nilijiambia namheshimu. Nilijiambia ni desturi yetu. Kweli ni kwamba nilikuwa nakufa, sina mtoto aliyebaki hapa, na nilitaka nikiondoka kitu changu kiendelee kuimbwa. Ngoma ilipolia nilimwona amesimama katikati ya duara, wanawake wote wanamshangilia, na uso wake umekuwa kama wa mtu anayesomewa hukumu. Nikaendelea kupiga makofi.

Jambo la pili ni lako. Nilikuandikia kwamba mimi peke yangu ndiye ninayejua alipo. Hayo maneno ndiyo yaliyomrudisha Hilari nyumbani kwako badala ya kuzunguka makambini akiuliza. Niliyaandika kwa majivuno, kama mwalimu mwenye majibu yote mkononi. Nimekuweka rehani bila kukuuliza, na leo nakuweka tena.

Sasa nasema nawe, Hilari. Najua umeshaacha kusoma kwa sauti. Najua pia kwamba hujaruka mistari, kwa sababu hukujua ni mstari gani ungekuwa na jina. Nimeandika ndefu kwa makusudi. Bernadi ni kaka yetu, amelala nyuma ya kanisa miaka mingi, na mdogo wangu kama amenielewa ameshatoka na bakuli lake la uji, akipapasa njia, na wewe umemwacha atoke kwa sababu kipofu haendi mbali na kwa sababu karatasi ilikuwa mkononi mwako. Kama hakunielewa, yupo hapo karibu nawe, na dhambi hiyo nitaijibu mimi, siku si nyingi.

Wendelin hakushuka peke yake leo. Walishuka naye wanunuzi wa dagaa ambao hawajawahi kununua dagaa, wale ambao Asnath aliwapelekea habari. Walikaa sebuleni kwangu siku mbili wakinisubiri nimalize kuandika, kwa sababu mkono hauna nguvu. Waliniuliza wakuache usome kwa muda gani kabla hawajaingia. Nikawaambia, apewe barua, kisha ahesabiwe muda wa kusoma kurasa tatu za mwandiko wa bibi kizee.

Nilikuahidi jina la mahali. Silijui. Jioni ile Asnath alipowapandisha garini nilimwomba asiniambie anakowapeleka, nikageuza uso nisione midomo yake.

Mlango ulioutengeneza hauburuzi tena. Hutausikia ukifunguka.

Gertruda